KILIMO CHA ILIKI CHINI YA KIVULI: Shamba la miaka 10 na zaidi bila kumaliza miti

Leo tunaingia kwenye zao ambalo wengi wenu mnalijua kwenye chai, pilau na vitumbua, lakini wachache mnalijua kama biashara. Nazungumzia iliki.

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu ya swali moja ninaloulizwa na vijana wa milimani, hasa huku Tanga kwetu upande wa Usambara Mashariki: "Bwana shamba, nina kipande cha babu chenye miti mikubwa, jua haliingii, nikate miti nipande mahindi?" Jibu langu huwa ni hili: kabla hujashika shoka, kaa chini tupige hesabu. Kivuli hicho unachokiona kama kero, kuna mimea inakitaka. Iliki ni mmojawapo, na ukiitunza inakaa shambani miaka 10 hadi 15 ikizaa.

Lakini nisikufiche. Iliki hiyohiyo imeacha makovu kwenye milima yetu. Kwa hiyo somo hili lina pande mbili: namna ya kuipanda ikulipe, na namna ya kuipanda ili shamba lisife mikononi mwako baada ya miaka 7.

IIJUE ILIKI KWANZA

Iliki ni ndugu wa tangawizi na manjano. Asili yake ni misitu yenye mvua nyingi ya kusini mwa India na Sri Lanka, ambako inaota chini ya miti mirefu. Huku kwetu ilikuja pamoja na mazao mengine wakati wa Wajerumani, walipofungua mashamba Usambara na kuanzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Leo utaikuta Usambara Mashariki na kwenye milima ya Morogoro.

Duniani, nchi inayouza iliki nyingi zaidi nje ni Guatemala, ambayo ilipelekewa zao hili mwanzoni mwa karne ya 20. India nayo inazalisha nyingi ila inakula nyingi nyumbani. Wanunuzi wakubwa ni nchi za Ghuba kama Saudi Arabia, ambako kahawa ya mgeni haikamiliki bila iliki. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini bei ya kijijini kwako inapanda na kushuka bila wewe kufanya lolote: mvua ya Guatemala ikiharibu mavuno, simu ya dalali wako inaita.

Sasa umbile lake. Chini ya ardhi kuna tunguu kama la tangawizi. Kutoka kwenye tunguu yanatoka machipukizi yenye majani marefu, yanayofika mita 2 hadi 4. Watu wengi wanadhani matunda yatatoka juu kwenye majani. Hapana. Maua yanatoka chini kabisa kwenye kitako cha shina, kwenye vishada vinavyotambaa juu ya udongo. Na mizizi yake ni ya juujuu, mingi iko kwenye sentimita 40 za mwanzo za udongo.

Shika mambo hayo mawili, maua chini na mizizi juujuu. Karibu kila ushauri utakaosoma hapa chini unatokana nayo.

INATAKA MAZINGIRA GANI?

Mwinuko: mita 600 hadi 1,500 kutoka usawa wa bahari. Amani iko kama mita 900, ndiyo maana inakubali.

Mvua: milimita 1,500 kwa mwaka au zaidi, iliyotawanyika vizuri. Ukame wa miezi mitatu mfululizo bila matandazo utakuua kibiashara.

Udongo: tifutifu, wenye mboji nyingi na tindikali kidogo, na usiotuamisha maji. Ukichimba shimo, ukalijaza maji na kesho yake ukayakuta bado yamo, tafuta kipande kingine. Maji yakisimama, tunguu linaoza.

Upepo: majani ya iliki ni marefu na laini, upepo unayapasua na kulaza mashina. Mabonde na miteremko iliyokingwa ni bora kuliko mgongo wa mlima.

Kabla ya kupanda, peleka udongo ukapimwe. Kwa watu wa Tanga, kituo cha TARI Mlingano pale Muheza kinashughulika na udongo. Hiyo gharama ni ndogo ukilinganisha na miaka mitatu ya kusubiri mavuno kwenye ardhi isiyofaa.

KIVULI: HAPA NDIPO SHAMBA LINAPOFIA AU KUPONA

Iliki inataka kivuli cha wastani, kama asilimia 50 hadi 60. Sasa wewe huna kifaa cha kupimia mwanga, utajuaje? Fanya hivi: ingia shambani saa sita mchana siku ya jua, angalia chini. Kama mabaka ya jua na mabaka ya kivuli yanakaribia kulingana, kivuli kikizidi kidogo, uko sawa. Kama chini kote ni giza, kivuli kimezidi. Kama unaona jua tupu huku miti ikiwa mbalimbali, kivuli kimepungua.

Mmea wenyewe nao unasema:

- Kivuli kikizidi, machipukizi yanarefuka na kuwa membamba, majani ni kijani kizito, maua ni machache, na uozo unaongezeka wakati wa masika.
- Kivuli kikipungua, majani yanageuka njano na kuungua kingo, shina linadumaa, udongo unakauka upesi.

Dawa ya kivuli kuzidi ni kupogolea matawi ya chini na ya katikati, wala si kuangusha mti. Pogolea kabla ya masika ili mmea upate mwanga wakati wa mawingu, na wacha matawi yarudi kabla ya kiangazi. Matawi yaliyokatwa yawe matandazo.

Miti gani iachwe au ipandwe? Miti inayopeleka mizizi chini na kudondosha majani yanayooza haraka. Mshai ni mzuri sana kwa sababu kivuli chake ni chepesi na unarutubisha udongo. Mringaringa pia. Mgrivelia unavumilika na unakupa mbao baadaye. Mkarafuu, mdalasini na mfenesi unaweza kuwa nayo pembezoni. Mkaratusi usiuruhusu, unashindana maji na kila kitu. Na kuna ule mti ulioletwa zamani Amani kwa ajili ya mbao, Maesopsis, wengi tunauita mhesi. Unaota kwa fujo na kuenea kwenye misitu ya asili. Kama uko tayari shambani utumie, ila usiupande mpya, na miche inayojiotea ing'oe.

Usitegemee mti wa aina moja. Ugonjwa au upepo ukiupiga, kivuli chote kinaondoka kwa siku moja. Changanya angalau aina tatu.

SHAMBA LIWE LAKO, SI LA HIFADHI

Hapa naomba tusomane vizuri. Kwa miaka mingi iliki ililimwa ndani ya misitu ya asili. Mtu anaingia, anafyeka vichaka na miche yote ya chini, anaacha miti mikubwa tu, anapanda. Kwa mbali msitu unaonekana mzima. Kwa ndani hauzai tena, kwa sababu kila mche wa mti unaochomoza unapaliliwa kama gugu. Miti mizee ikianguka, hakuna wa kurithi.

Halafu baada ya miaka kadhaa rutuba ya juu inaisha, iliki inapungua, mwenye shamba anakata miti iliyobaki na kupanda mahindi au mihogo. Hapo ndipo chemchemi za kijiji zinaanza kukauka.

Amani ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Huko Derema, wakulima wengi waliokuwa na mashamba ya iliki waliondolewa na kulipwa fidia ili msitu uunganishwe na hifadhi. Wazee watakusimulia uchungu wake. Kwa kijana anayeanza leo, funzo ni jepesi: usiwekeze zao la miaka 15 kwenye ardhi ambayo si yako. Panda kwenye shamba la familia lenye makubaliano ya maandishi, mbele ya serikali ya kijiji, yanayoonyesha mipaka na nani anavuna. Zao la kudumu kwenye ardhi ya ugomvi ni zawadi kwa mwingine.

AINA ZA ILIKI

Ziko tatu kubwa, na unaweza kuzitofautisha kwa kuangalia vishada vya maua:

1. Malabar: vishada vinalala chini kabisa. Mmea ni wa wastani, mita 2 hadi 3. Unavumilia hali ya chini kidogo ya mlima.
2. Mysore: vishada vinasimama wima. Mmea ni mkubwa, mita 3 hadi 4, unataka mwinuko na mvua ya uhakika.
3. Vazhukka: mchanganyiko wa hizo mbili, vishada vimeinama nusu.

Mashamba yetu mengi yamechanganyika kwa kuwa mbegu zimetoka kwa jirani hadi jirani. Basi cha kufanya ni kuchagua mama bora. Tembelea mashamba msimu wa kuvuna, weka alama ya kamba kwenye mashina yenye umri wa miaka mitano au zaidi, yenye vishada vingi, punje kubwa za kijani, na yasiyo na majani yenye michirizi. Rudi msimu wa pili. Yaliyozaa vizuri misimu yote miwili ndiyo ya kuchukulia mbegu.

MICHE: MBEGU AU MATUNGUU?

Njia ya matunguu: unachimba shina zuri na kuligawa. Kila kipande kiwe na "mama na mtoto", yaani chipukizi moja lililokomaa na jingine changa linalokua. Faida yake ni kwamba inazaa mapema, karibu mwaka mmoja kabla ya mche wa mbegu, na tabia ya mama inabaki. Hasara: kama mama ana ugonjwa, umeuhamisha pamoja naye. Kule India kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa katte, majani yanatoka michirizi ya kijani hafifu na mmea unadumaa. Hauna dawa, unang'oa na kuharibu. Kwa hiyo shina lenye michirizi kwenye majani usiligawe hata kama unampenda mwenye nalo.

Njia ya mbegu: chukua matunda yaliyoiva kabisa, toa mbegu, osha ule ute mpaka uishe, changanya na majivu, anika kivulini. Panda mapema ndani ya siku chache, maana mbegu ya iliki ikikaa inapoteza nguvu ya kuota. Tuta la kitalu liwe na upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 20 hadi 30. Fukia mbegu sentimita 1 tu, funika na nyasi, mwagilia asubuhi na jioni. Inaanza kuota baada ya siku 20 hadi 40, na nyingine huchelewa zaidi ya hapo, usikate tamaa ukalima tuta. Mche ukiwa na majani 3 au 4 uhamishie kwenye viriba. Unakwenda shambani ukiwa na miezi 10 au zaidi, wenye machipukizi mawili au matatu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu: tumia matunguu kwa robo ekari ya kwanza ili upate mavuno ya mapema, na wakati huohuo anza kitalu cha mbegu kwa upanuzi.

NAFASI NA KUPANDA

Nafasi inategemea aina na rutuba. Kwa ekari moja hesabu iko hivi:

- Mita 2 kwa 2: mashina kama 1,000
- Mita 2.5 kwa 2.5: mashina kama 650
- Mita 3 kwa 3: mashina kama 450

Mimi napendekeza 2.5 kwa 2.5 kwa mashamba yetu. Unapata njia ya kupita bila kukanyaga vishada, na hewa inazunguka.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60, kina 30 hadi 45, mwezi mmoja kabla ya mvua. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Kwenye mteremko fuata mistari ya kontua na weka makinga maji kwanza.

Panda mwanzo wa mvua, masika au vuli. Kosa ninaloliona sana mashambani ni kufukia kwa kina. Tunguu likae juujuu, kitako cha shina kiwe usawa wa udongo. Ukifukia kama mgomba, linaoza. Weka kijiti, funga mche ulegee kidogo, tandaza nyasi au majani makavu papo hapo.

MATUNZO MWAKA HADI MWAKA

*Palizi.* Mwaka wa kwanza palilia mara 3 hadi 4. Karibu na shina tumia mkono, usitumie jembe, mizizi iko juu. Katikati ya mistari fyeka tu, acha majani yaoze. Na miche ya miti mizuri inayojiotea, acha michache kila kona, hiyo ndiyo kivuli cha mwanao.

*Matandazo.* Kabla ya kiangazi weka tabaka la sentimita 5 hadi 10. Maua yanapoanza, sogeza matandazo pembeni ya vishada ili nyuki wayaone maua. Kishada kilichofukiwa hakizai, kinaoza.

*Kuondoa wazee.* Chipukizi likishazaa linazeeka na kukauka. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kata yaliyokauka na yatandaze. Shina linapata hewa na wadudu wanakosa maficho.

*Mbolea.* Hapa ndipo mashamba mengi yanakufa. Watu wanavuna miaka 6, 7, bila kurudisha kitu, halafu wanasema ardhi imechoka. Weka samadi au mboji iliyooza kilo 5 hadi 10 kwa kila shina kwa mwaka, mwanzo wa mvua, ukizungusha pembeni ya shina na siyo juu yake. Piga hesabu mapema: robo ekari yenye mashina 160 inahitaji kilo 800 hadi 1,600 kwa mwaka. Huna ng'ombe? Basi anza shimo la mboji mwaka mmoja kabla ya kupanda. Iliki inakula potasiamu nyingi, kwa hiyo majivu ya jikoni usiyatupe, nyunyiza kidogokidogo kwenye mboji. Mbolea ya viwandani tumia kulingana na majibu ya kipimo cha udongo.

*Nyuki.* Ua la iliki linafunguka alfajiri na kudumu siku moja tu. Lisipopata nyuki asubuhi ile, limepotea. Bila nyuki shada linachanua vizuri lakini matunda yanakuwa machache. Weka mizinga miwili au mitatu pembezoni mwa shamba, mbali na njia ya watu. Unapata iliki zaidi, na asali inakupa hela wakati shamba bado changa. Na ukilazimika kupulizia dawa yoyote, usipulizie asubuhi wala wakati wa maua.

*Wadudu na magonjwa.* Kuna thripi, wadudu wadogo sana wanaojificha kwenye maua na kukwaruza tunda changa. Punje inatoka na makovu ya kahawia, bei inashuka. Kuna funza wanaotoboa machipukizi na matunda. Utaona tundu dogo na unga pembeni, na jani la katikati linakauka. Kata chini ya tundu na kuchoma. Vidukari ndio wanaobeba ule ugonjwa wa michirizi, na ndugu zao wanapenda migomba na magimbi. Kwa hiyo mgomba unaweza kukusaidia kivuli mwaka wa kwanza huku miti ikikua, lakini usiubananishe na iliki, na uondoe kazi yake ikiisha. Tangawizi usichanganye kabisa: ni ukoo mmoja, wanaambukizana uozo wa tunguu.

Wakati wa masika ukiona matunda yanageuka rangi kama yamechemshwa na kunuka, huo ni uozo. Toa yote yaliyooza, fungua mifereji, pogolea kivuli. Dawa za kopa zipo, ila bila kupunguza unyevu utakuwa unanunua dawa kila wiki.

KUVUNA: USIVUNE PESA MBICHI

Mmea wa tunguu unaanza kutoa mavuno kidogo mwaka wa pili hadi wa tatu, wa mbegu mwaka wa tatu. Mwaka wa nne na wa tano ndipo unakolea. Kutoka ua hadi tunda kukomaa ni kama miezi minne, na kwa kuwa maua hayatoki yote siku moja, unavuna kwa awamu, kila baada ya siku 15 hadi 30.

Wakati sahihi ni tunda likiwa limejaa, bado la kijani, na mbegu za ndani zimekuwa nyeusi. Kabla ya kuvuna pasua matunda 10 kutoka sehemu mbalimbali. Kama 8 yana mbegu nyeusi au kahawia iliyokolea, vuna awamu hiyo. Kama mbegu ni nyeupe, subiri. Ukingoja hadi tunda ligeuke njano, litapasuka wakati wa kukausha.

Tatizo letu wote tunalijua: wizi. Mtu anaona jirani kaibiwa, anavuna changa usiku kabla na yeye hajaibiwa. Wanunuzi nao wanachukua changa kwa bei ya chini kwa kisado. Matokeo yake kijiji kizima kinauza maji. Iliki changa ikikauka inasinyaa, rangi inafifia, harufu ni hafifu.

Vijana wa kikundi kimoja ninachokihudumia walikubaliana mambo matatu: siku ya kufungua mavuno inatangazwa na kikundi, hakuna mwanachama anayeuza kabla ya siku hiyo, na kila kilo inayopita kwenye mizani inaandikwa jina na shamba. Mtu asiye na shamba akileta iliki, swali la kwanza ni "umevuna wapi?" Hawajamaliza wizi, lakini sasa mwizi hana pa kuuzia kijijini kwa urahisi. Hilo linahitaji daftari na uaminifu, wala halihitaji mfadhili.

KUKAUSHA

Kausha siku ileile uliyovuna. Ukilaza ndani ya kiroba hadi kesho, itapata joto na kupoteza rangi. Osha, chuja maji, tandaza tabaka moja.

Jua la moja kwa moja linakausha kwa siku 3 hadi 5 lakini linapausha ile rangi ya kijani, na mnunuzi wa nje anataka kijani. Bora kaushio la sola lililofunikwa, au chumba cha kukaushia chenye bomba la joto, nyuzi joto 45 hadi 55, kwa saa 18 hadi 36. Moshi usiguse iliki, harufu yake haitoki tena. Nunua kipimajoto, usikisie kwa mkono. Geuza mara kwa mara saa za mwanzo.

Utajua imekauka ukitikisa punje na kusikia mbegu zinagonga ndani. Sugua kwenye wavu au gunia kuondoa vikonyo, pepeta, kisha panga kwa ukubwa na rangi. Hifadhi kwenye mfuko wa nailoni mweusi ndani ya gunia, juu ya chaga, mbali na mafuta ya taa, sabuni na samaki. Iliki inanyonya harufu ya jirani.

HESABU YA MBICHI NA KAVU

Kumbuka namba moja: kilo 5 za iliki mbichi iliyokomaa zinatoa kama kilo 1 kavu. Kwa iliyovunwa changa utahitaji kilo 6 au zaidi.

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu, bei weka ya kwako. Mbichi ni sh. 4,000 kwa kilo. Kilo 5 ni sh. 20,000. Kuni, muda na mfuko tuseme sh. 3,000. Kwa hiyo kilo moja kavu imekugharimu sh. 23,000. Mnunuzi akikupa 30,000, umepata 7,000 zaidi kwa kila kilo. Akikupa 22,000, uza mbichi, usijisumbue. Akikupa 30,000 lakini iliki yako ni changa, kilo 7 kwa 1? Hapo gharama ni 28,000 na kuni juu, yaani 31,000. Umefanya kazi kwa hasara huku unacheka.

Ndiyo maana kila msimu pima mwenyewe: chukua kilo 5 mbichi, zikaushe peke yake, pima kinachotoka, andika. Namba hiyo ndiyo silaha yako mbele ya dalali.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

*Nianze na ekari ngapi?* Robo ekari. Ukiweza kuipa samadi, matandazo na ulinzi kwa miaka mitatu, ongeza.

*Nitakula nini miaka miwili ya mwanzo?* Usiweke maisha yako yote kwenye iliki. Baki na kipande cha mazao ya muda mfupi nje ya kivuli. Ndani ya kivuli weka nyuki, na pandisha pilipili mtama kwenye miti; nayo inachukua kama miaka mitatu lakini inatumia shina la mti uliokuwa bure.

*Shamba la baba limezeeka, nikate yote?* Hapana. Gawa sehemu nne. Kila mwaka ng'oa sehemu moja, jaza mboji, panda miche mipya mashimo yakiwa kati ya yale ya zamani. Kwa miaka minne shamba limegeuka jipya na mavuno hayajakatika.

*Miti ikianguka?* Ndiyo maana nimesema acha miche ya miti ikue. Kila unapoona mti mzee, hesabu warithi wake wawili. Kama hawapo, panda msimu huu, siyo ukishaanguka.

KAZI YA WIKI HII

Kwa mwenye kipande chenye kivuli, fanya mambo manne kabla ya kununua mche hata mmoja: pima kivuli saa sita mchana, jaza maji shimo na uangalie kesho yake, hesabu miti kwa aina na umri, na thibitisha mpaka wa shamba na mwenyekiti wa kitongoji. Andika majibu kwenye daftari, uende nayo kwa afisa ugani wa kata yako. Kwa majibu hayo manne ataweza kukuambia kama shamba lako ni la iliki au la zao lingine, na shoka litasubiri.

Somo lijalo tutachukua pilipili mtama juu ya miti hiyohiyo: kupata pingili, kufunga na kupogolea. Kazi njema shambani.